Krismasi Yangu ya Julai, Bwera

Naona haya kulisimulia hili, lakini bora mlisikie kwangu. Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nikiandaa Krismasi mwezi wa Julai, atakuja nani?

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, nikapanga chumba Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na kuanza kuuza losheni na marashi ya kampuni moja, yale ya kuwapelekea watu nyumbani, si ya dukani. Kwa miezi minane niliuza kidogo sana, maana kazi yenyewe ni kubisha hodi na mimi hodi ndiyo inayonishinda (nafika mlangoni, nawaza watakuwa wanakula, narudi). Kwenye semina ya Kasese mkufunzi akatuambia tufanye mauzo ya Krismasi katikati ya mwaka, watu wapate zawadi kwa bei ya chini. Nikajiambia hii ndiyo ya mwisho, ikishindikana narudi Bugoye kwa mama.

Nikakodi hema na viti, nikaweka nyimbo za Krismasi za kwaya, zile za polepole, nikawasha gogo kubwa katikati ya ua ili nichome nyama. Mwaliko niliutuma kwenye kundi la simu la wenzangu wa chuo, ambao wengi wako Kampala. Majirani sikuwaambia. Niliogopa wataona najipendekeza.

Saa nne asubuhi hajafika mtu. Nikafunga chumba kwa kufuli, maboksi yangu ya losheni ndani, nikapanda boda kwenda soko la Mpondwe kutafuta soda, kofia nyekundu ya Krismasi kichwani.

Niliporudi, ua umejaa. Nilifurahi kidogo tu, kisha nikaona kuni zimerundikwa kando ya moto kama majirani wanavyoleta msibani, wanawake wamekaa chini, wanaume wamevua kofia, nikaelewa kwamba nilipokuwa sokoni mtu amefariki pale kwetu (vyumba vya wapangaji viko sita), na mimi nimemwekea hema la sherehe. Nikavua kofia nikaificha mfukoni, nikakaa nyuma kabisa, karibu na mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge, jirani niliyezoea kumkwepa. Nikamuuliza kwa kunong'ona ni nani.

"Ni kijana moja wa hapa," akasema. "Alikuwa anaishi yeye moja. Mwili iko hospitali, nazani. Masikini, hata mama yake haiko karibu."

Nikasikitika kweli. Machozi yakanitoka, mama akanipa kitambaa chake.

Katekista akasimama kuomba, akauliza jina la marehemu ili alitaje. Watu wakatazamana. Mmoja akasema ni yule wa chuo. Mwingine akasema yule wa maboksi, anayepita akiangalia chini. Katekista akauliza tena jina, na hakuna aliyelijua, wakamwonyesha tu mlango wenye kufuli, na mlango ule ulikuwa wangu.

Niliwaza kukimbia. Niliwaza pia kunyamaza hadi wamalize (ndivyo nilivyo). Mwishowe nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Ni Krismasi."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Yule mama akainuka.

"Sasa weye, unaweka hema, unaweka viti, moto muchana, kwaya, na mulango umefunga. Tungezani nini, kama haiko matanga?"

Wakaondoka mmoja mmoja, wakaacha kuni. Nilikaa peke yangu kati ya viti vitupu mpaka mwenye viti akaja kuvichukua, nikifikiria watu wale walioacha mashamba na meza zao za soko kuja kumlilia mtu wasiyemjua hata jina.

Asubuhi nilifunga nguo zangu za kwenda Bugoye, kisha nikazifungua. Nikafunga zile kuni mafungu mafungu, nikaanza na mlango wa yule mama, bila losheni hata moja mkononi. Nilisimama pale nikiwaza labda wanakula. Nikabisha hivyo hivyo.

"Hodi," nikasema. "Nimerudisha kuni. Naitwa Bwambale."