Kapeti la Boti

Shemeji yangu alipokuja kutoka Usoke kumjulia hali kaka yake, alizunguka nyuma ya nyumba, akaitazama boti iliyolala kifudifudi kando ya ukuta, akarudi na wazo. Alisema ataipeleka Usoke iwe tangi la maji ya kumwagilia kitalu chake cha tumbaku. Huku inaoza bure, alisema, na mwenye kuitumia ndiyo hivyo tena. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, mbele ya mume wangu, kana kwamba mume wangu hayupo.

Mume wangu alikuwapo. Kiharusi kilikuwa kimempata mwaka mmoja na nusu kabla ya siku hiyo. Kilimwachia mguu wa kushoto wa kuburuza, mkono uliokunjamana na maneno machache yasiyofika kumi, lakini masikio na akili hakikuvigusa. Nilimwona akiinamisha macho.

Boti ile aliinunua wakati kambi moja ya wageni wa uwindaji kule mto Ugalla ilipofungwa, mwaka aliostaafu kazi ya reli. Ni ya faiba, fupi, na injini hatuna tena. Kila Jumamosi aliipeleka bwawa la Igombe kuvua perege. Mimi nilibaki nyumbani Itetemia nikisahihisha madaftari ya hesabu, na hata nilipostaafu ualimu sikuwahi kumfuata.

"Boti haiendi Usoke, shemeji," nikamwambia. "Mwenyewe atapanda."

Hakubisha. Aliuangalia mguu wa kaka yake, kisha akauliza swali la haki: atasimamaje humo? Sakafu ya faiba ikilowa huteleza kama sabuni, na kapeti lililokuwa linazuia miguu lilishakufa.

"Basi nitaweka jingine," nikasema. Nilisema kwa hasira, kabla sijajua kapeti la boti linawekwaje.

Alipoondoka niliita majirani tukaigeuza. Panya walikuwa wamezaliana mle, na kapeti limekuwa kama mkate uliolowa. Fundi wa masofa wa mtaani kwetu alikuja akachungulia, akaniambia boti si kazi yake, wala si kazi ya mama wa umri wangu. Nusu ya kwanza nilimkubalia. Nikajifunga khanga kiunoni, nikachukua kisu cha jikoni na skrepa ya kukwangulia rangi, nikapiga magoti.

Kubandua kapeti lenyewe kulichukua asubuhi moja. Gundi ya chini yake ilichukua siku tatu. Ilikuwa imekauka kama jiwe, na kila nilipoinuka magoti yalilia. Wanawake wenzangu wa kanisani walipita kunipa pole, na katikati ya pole wakaniuliza kama nataka kumzamisha mgonjwa. Niliwakaribisha chai nikaendelea kukwangua. Mume wangu nilimwekea kiti kivulini karibu nami, maana sikutaka jambo lolote la boti yake lifanyike bila yeye kuona.

Dukani, karibu na soko, muuzaji alinisifia kapeti nene la manyoya, lile la kuweka sebuleni. Nikamwomba vipande vidogo vya kila aina aliyonayo. Alinipa akicheka. Nyumbani nikavitia vyote kwenye beseni la maji, nikavianika jioni kwenye kamba. Asubuhi lile la manyoya lilikuwa bado linachuruzika. Lile jembamba, gumu, ambalo watu hulitandika barazani na kulisema vibaya, lilikuwa limekauka kabisa. Hilo ndilo nililonunua, la kijivu.

Nilipasua mifuko ya mbolea nikatengeneza vipimo vya sakafu, nikavilaza juu ya mgongo wa kapeti, nikachora, nikakata. Kipande cha mbele, penye pembe ya boti, nilipokitia ndani kilikataa. Upinde wake ulielekea upande mwingine. Nilikuwa nimechora kwa nyuma bila kugeuza kipimo, mimi niliyefundisha watoto umbo na taswira yake kwenye kioo kwa miaka yote ile. Nikakaa chini. Nikasikia mume wangu anacheka, kwa nusu ya mdomo inayomtii, na mabega yote mawili. Nilinuna kidogo, kisha nikashindwa. Kipande kile kikawa cha kufunikia kiti, na kwa kuwa kapeti halikutosha tena, sakafu ina kiungo katikati ambacho kila mtu anakiona.

Siku ya kubandika nilipaka gundi ya viatu pande zote mbili, kwenye kapeti na kwenye faiba, nikanyanyua kipande ili nikilaze.

"Bado," akasema mume wangu.

Neno hilo hakuwa nalo kabla. Nilibaki nimeshikilia kapeti hewani. Akanyoosha kidole cha mkono wake mzima, akagusa nacho kiganja cha pili, akakiinua polepole. Nikaelewa. Nikaigusa gundi kwa kidole. Ilinata na kuvutika. Tukangoja. Nikagusa tena, ikaacha kunivuta. Akaitikia kwa kichwa kwamba sasa, na nikalaza, nikikandamiza kwa chupa tupu kutoka katikati kwenda kingo, na hewa haikubaki chini.

Shemeji nilimpelekea salamu kwamba boti iko tayari. Alikuja na treni, akasaidia kuipakia kwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Bwawani, kabla ya kupanda, akavua viatu kama anayeingia sebuleni. Nikamwambia avae, hii ni boti. Yeye akashika kamba, mimi nikamfunga mume wangu jaketi la kuokolea, nalo langu nikalifunga. Mume wangu akauweka mguu mzima kwanza. Ule mwingine akauburuza kupita ukingo, ukatua juu ya kapeti lenye maji, na ukabaki pale ulipotua. Nilimnyooshea mkono akausukuma. Akaketi mwenyewe.

"Kaka, hongera," shemeji akasema, na safari hii alikuwa anasema naye.

Kasia sikuwahi kushika maishani. Tulizunguka mara mbili palepale, na waliokuwa wanavua ukingoni wakaanza kunifundisha kwa sauti, kila mmoja na somo lake. Wengine walicheka. Mume wangu alinyoosha mkono wa kulia kuonyesha anakotaka kwenda, ng'ambo kwenye matete, nikavuta upande mmoja mpaka pua ya boti ikaelekea huko.

Mguu haujapona, na daktari hajatuahidi kwamba utapona. Kona moja ya kapeti, ya nyuma, imeshaanza kunyanyuka, nami nimeshanunua gundi. Jumamosi tunakwenda Igombe.