Pumzi Ishirini kwa Kila Mtu

Juzi kwenye zahanati moja upande wa Kasikeu nilichungulia kitabu cha nesi. Macho yangu hayana adabu. Wote walionitangulia walikuwa wameandikiwa pumzi ishirini kwa dakika bila kuhesabiwa, hata mama wa rika langu aliyekuwa anahema akiwa ameketi.

"Mwanangu, hujanishika mkono," mama akamwambia.

"Susu," nesi akamjibu, kama wajukuu wanavyotuita sisi bibi zao huku, "nesi ni mimi peke yangu leo, na hawa wananipigia kelele niharakishe."

Kweli, kelele ilikuwa yetu sisi wa kwenye benchi.

"Nishike tu. Tangu nimzike mzee wangu, hakuna mtu amenishika."

Nesi akacheka, akamshika kifundo cha mkono, akaangalia saa. Kicheko kikaisha. Akahesabu upya, kisha akatazama kifua.

"Susu, huu moyo unarukaruka! Ulikuja kwa miguu?"

"Kwani ningebebwa na nani?"

Akamlaza kitandani, akakimbia kumwita daktari. Kwenye benchi hakuna aliyemharakisha tena.

Zamu yangu ilipofika, nilinyoosha mkono kabla sijaulizwa. Nesi akahesabu dakika nzima, akasema niko sawa. Sikuurudisha upesi. Hata mimi, mzee wangu alienda zamani.