Wajumbe Waliofungwa

Kiswahili kimenipa sifa maisha yangu yote, na kimeniaibisha mara moja. Nilipata A shuleni Nakuru, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kuhamia Arlington, Texas, siwezi kumsikia mtu akisema "kitabu yangu" nikanyamaza. Watoto wangu wananijibu kwa Kiingereza ili wasisahihishwe. Mume wangu alikwisha kukata tamaa. Ni rafiki yangu mmoja tu, mama wa Kikongomani tuliyewahi kupanga naye nyumba jirani, aliyelifanya jambo hilo kuwa mzaha. Alinibandika jina la Mwalimu, na kila nilipomsahihisha alisema, "Merci, Mwalimu," kisha akalirudia kosa lilelile kwa sauti ya juu zaidi.

Tulikula kiapo cha uraia siku moja, mimi nikiwa nimetoka zamu hospitalini na yeye akiwa na viatu vyake vya kazi vya ghala la mizigo. Mwaka wa uchaguzi ulipofika tukaingia chama kimoja. Sitakitaja, maana kisa hiki kingeweza kutokea kwenye kile kingine vilevile. Mkutano wa mtaa wetu wa kuchagua wajumbe ulihudhuriwa na watu wachache sana, na kumi na wawili kati yao walikuwa akina mama wa kanisa lake. Wakamchagua yeye. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma kanuni, na hakuna mwingine aliyetaka kuzisoma.

Akina mama wale walimtuma neno moja tu. Machi walikuwa wamempigia kura mgombea fulani kwenye kura za mchujo, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa kura ya kwanza maishani iliyohesabiwa. Wakamwambia, nenda Houston kwenye mkutano wa jimbo, usikubali kura yetu ibadilishwe.

Sasa, kubadilishwa ndiko mimi nilikokuwa nakupigania. Mgombea yule alishinda Texas, lakini kufikia kiangazi alikuwa ameanza kuyumba, na kila juma aliyumba zaidi. Kwa kanuni za chama chetu, wajumbe wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa taifa hawana hiari: ni lazima wampigie aliyeshinda jimbo lao, hata kama wenyewe wamemchoka. Chama kikagawanyika. Upande mmoja ukasema wajumbe waondolewe sharti hilo, wamchague anayeweza kushinda. Wengine wakasema kura ya raia ni amana, na huna ruhusa ya kubadilisha amana kwa sababu tu umeichoka. Mimi ni nesi. Dawa isipofanya kazi hatumlaumu mgonjwa, tunaomba daktari abadilishe. Kwa miezi miwili nilipiga simu kila nilipopumzika, nikiwaomba watu waunge mkono azimio la kuwaondolea wajumbe sharti. Rafiki yangu nilimwomba mara moja tu amwache yule mgombea, akakataa, na sikumwomba tena.

Tulikwenda Houston kwa gari langu, siku moja kabla ya mkutano. Njia nzima alinisimulia habari za msimamizi wake mpya pale ghalani, na mimi nikamsahihisha ngeli. Tulipofika Huntsville aliona kuta ndefu na kibao kinachokataza madereva kubeba watu barabarani.

"Mwalimu, hapa ni nini?"

"Ni magereza. Hapa ndipo watu wanafungwa," nikamwambia.

Akageuza shingo akaziangalia kuta mpaka zikaisha. Nilijua kaka yake aliwahi kufungwa kule kwao kwa mambo ya siasa, lakini sikujua zaidi ya hapo. Nikabadilisha mazungumzo, kwa kuwa nilidhani huo ndio ustaarabu.

Tulilala Houston, mtaa wa Alief, kwa mdogo wake, na asubuhi tukapewa wali, sombe na samaki wa chumvi kwenye mikebe ya plastiki. Mimi nikasema sombe inaitwa kisamvu. Wote wawili wakanitazama kwa huruma.

Wilaya yetu ilipewa chumba kidogo kando ya ukumbi mkubwa, chumba chenye baridi ya kiyoyozi kiasi kwamba watu walijifunika mifuko ya mkutano magotini. Tulikuwa wajumbe themanini. Rafiki yangu ana Kiingereza cha kutosha kuendesha mashine ya kuinua mizigo na kumjibu msimamizi, lakini Kiingereza cha mikutano ni mnyama mwingine. Kwa hiyo tulikuwa tumekubaliana kwamba nikae kushoto kwake nimtafsirie sikioni. Nilijivunia kazi hiyo, sitaficha. Nilifikiri, leo kile Kiswahili cha A kitakula jasho lake.

Azimio la wajumbe lilipofika, maneno yakawa mengi na ya haraka. Mwanamume mmoja wa upande wetu, mwenye kofia pana, alizungumza vizuri sana. Bibi mmoja mwalimu mstaafu alimjibu kwa uchungu, akisema hakuzunguka kugonga milango ya watu ili watu wengine waje kuifunga. Mimi nilikuwa nakimbizana nao wote wawili. Kwa Kiingereza wajumbe wale wanaitwa kwa neno lenye maana ya kufungwa kwa kamba, na kuondolewa sharti kunaitwa kuachiliwa. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nikayachukua maneno yalivyokaa.

"Hoja ni kwamba wajumbe waliofungwa waachiliwe huru," nikamnong'oneza.

Akashtuka. "Balifungwa?"

"Wamefungwa tangu Machi."

"Bote?"

"Wote wa jimbo letu."

"Na banaweza kuachiliwa leo? Kwa mukono yetu?"

"Tukishinda, ndiyo."

Mwenyekiti alipowaita wanaounga mkono, rafiki yangu hakuinua mkono, aliinua yote miwili, akasimama kabisa, machozi yakimtiririka. Watu wakacheka kwa upole na mwenyekiti akasema atamhesabu mara moja tu. Nilijua alikotumwa na alichotumwa. Lakini mtu akihamia upande wako humuulizi kapitia mlango gani. Nilichodhani, na bado naona haya kukiandika, ni kwamba ufasaha wangu ndio uliomgusa.

Tulishinda arobaini na moja kwa thelathini na tisa.

Mchana tulikaa sakafuni kwenye ukumbi wa kupitia watu, migongo ukutani, tukafungua mikebe. Watu wa upande wangu walipita wakinipiga mabegani. Mwenye kofia pana alinikumbatia. Rafiki yangu alikula ametulia, uso umenawiri kama wa mtu aliyetoka ibadani. Kisha akaniuliza.

"Mwalimu, bale bafungwa, batatoka leo? Ao banangojea karatasi?"

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikazikumbuka kuta za Huntsville, na shingo yake iliyogeuka, na nikayasikia maneno yangu mwenyewe kama alivyoyasikia yeye. Wamefungwa tangu Machi. Waachiliwe huru. Hata mimi, kama ningekaa mahali pake, ningeinua mikono yote miwili.

"Wanangoja karatasi," nikasema.

Nisemeje? Hesabu niliipiga hapohapo. Kura yake ikihama, ni arobaini kwa arobaini, na kwa kanuni zetu kura zikilingana hoja imeanguka. Nilijua vilevile kwamba azimio lililopita linaweza kurudishwa mezani kabla mkutano haujafungwa, ila ni lazima lirudishwe na mtu aliyekuwa upande ulioshinda. Yaani yeye. Au mimi. Miezi miwili ya simu ilikuwa mbele yangu, pamoja na sombe. Nikajiambia kwamba hakuna aliyedanganya, na kwamba kila mjumbe ana wajibu wa kuelewa anachopigia kura. Nikajiambia pia kwamba nitamweleza tukirudi nyumbani, atulie kwanza. Nilijiambia mambo mengi yenye akili. Nikautafuna wali ule punje kwa punje, na niliumaliza wote.

Tukarudi ndani. Yakaja maazimio ya barabara, ya maji, ya shule. Nilitafsiri yote kwa uangalifu ambao haukuwa na faida tena. Kila niliponong'ona aliitikia kwa kichwa, akaniamini, na kuaminiwa huko kulinikera. Nilimkasirikia yeye kwa kutojua Kiingereza, nikamkasirikia bibi mstaafu kwa kusema haraka, nikaikasirikia hata baridi ya kiyoyozi. Mwenyekiti akauliza kama kuna jambo lingine kabla hajafunga.

"Dada," nikamwambia sikioni, "nimekosea. Hakuna mtu aliye jela."

Nikamweleza upya, safari hii kwa maneno ya jikoni. Kwamba wajumbe wako majumbani mwao na watoto wao. Kwamba kilichowafunga ni ahadi, na ahadi yenyewe ni kura za watu, zikiwemo za wale mama kumi na wawili.

"Donc hakuna mutu mu boloko?"

"Hakuna."

"Na mukono yangu ilisema nini?"

"Ulisema kura yao inaweza kuwekwa kando."

Kisha akasimama, na kwa kuwa alikuwa amesimama ilibidi na mimi nisimame. Akazungumza Kiswahili chake, taratibu, mbele ya watu wote, nami nikakigeuza kuwa Kiingereza sentensi kwa sentensi. Alisema alitumwa na bamama. Alisema alisikia kwamba kuna watu wamefungwa, na kwao mtu akifungwa hungoji kuuliza ni wa chama gani. Alisema kura ile si yake, ni ya waliomtuma, na anaomba hoja irudishwe. Sikumsahihisha hata ngeli moja.

Mwenyekiti akaniuliza kosa lilikuwa la nani.

"Langu," nikasema. "Mimi ndiye mkalimani."

Wale wa upande wangu walinitazama kama nimewauza. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hawakuwahi kumkaribia yule mwenye kofia siku ile. Aliniambia kwa meno yaliyobanana kwamba ningeweza kunyamaza. Nikamwambia najua. Sikumwambia kwamba nilikwisha kujaribu.

Kura zikapigwa upya. Mkono wangu niliuinua palepale nilipouinua asubuhi, kwa sababu kukiri kosa si kuhama upande, na mpaka leo naamini tulikuwa na hoja nzuri. Rafiki yangu aliuinua wake zamu ya wanaopinga, mmoja, na hakusimama. Arobaini kwa arobaini. Azimio likaanguka, na bibi mstaafu akaja akamshika rafiki yangu mikono yote miwili.

Tuliondoka saa tisa alasiri. Simu yangu ililia mpaka nikaizima, kwa kuwa kwenye kundi letu la ujumbe mtu mmoja alikwisha kuniita msaliti na wengine walikuwa wanasubiri zamu. Tulipita Conroe bila kusemezana. Nilidhani amekasirika, na nilijua ana haki. Kuta zilipotokeza alizielekezea kidevu.

"Mwalimu, wajumbe bako njo hapa banakaa?"

Tulicheka mpaka nikapunguza mwendo. Tulicheka vibaya, kwa machozi, na malori yakatupita yakipiga honi. Alipopata pumzi akanisimulia habari za kaka yake, na hakuwahi kunisimulia kabla ya hapo.

"Balimufunga sababu ya karatasi," akasema. "Karatasi ya mukutano. Mwenye aliandika majina, aliandika vibaya, akatia kaka. Kaka hakukuwa hata kule. Na mwenye aliandika alijua, siku ileile alijua. Akanyamaza. Miezi kumi na mine. Alipotoka hakukuwa tena kaka mwenye tulijua." Akapangusa macho. "Njo maana leo ninakushukuru. Weye ulisema."

Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, nikaiangalia. Ningeweza kuipokea shukrani ile. Ilikuwa imekwisha kutolewa, na barabara ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeniuliza chochote. Lakini niliona nikiipokea sitaweza kumwita dada tena bila kuusikia uongo ndani ya neno lenyewe.

"Dada, sikusema mara moja," nikamwambia. "Nilijua tangu mchana. Uliponiuliza kama watatoka leo. Nilijua, nikakudanganya kwamba wanangoja karatasi, nikaendelea kula."

Tulipita kituo cha mafuta, tukapita kanisa moja dogo. Nikasubiri anitukane, na nilikuwa tayari.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Uso yako. Na wali. Miaka yote hii, hakuna siku unakulaka polepole." Akaushusha mkebe mtupu kutoka mapajani akauweka miguuni. "Nikajua kuna neno. Nikasema, acha nimungojee."