Kidole Kilichoangusha Asumini

Nilipokuwa mtoto kule Ng'ambo, Tabora, kidole changu cha shahada kiliua maua ya Bibi. Ndivyo nilivyoamini mimi, na ndivyo alivyoamini yeye.

Yalikuwa maua ya mwasumini, mti ambao mama yake Bibi aliuleta kutoka pwani kwa njia ya misafara, tawi limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Utoto wangu ulikuwa miaka ya Ujamaa, dukani marashi hayaonekani, na dada yangu Mwajuma alikuwa anaolewa mwisho wa kiangazi. Vikuba vyake, vile vishada vya asumini vya kujipamba, vingetoka uani kwetu au visingekuwepo kabisa. Nami siku moja nikasimama kuhesabu matumba, moja moja, kidole kimenyooka.

"We mtoto!" Bibi alipiga kelele. "Ua halinyooshewi kidole! Kunja!"

Nilikunja, lakini nilikuwa nimechelewa. Wiki haikwisha, matumba yote yakawa chini. Kisha mbuzi wa jirani akaingia uani, akautafuna mti mpaka kikabaki kisiki. Bibi alilia waziwazi, nami nikatamani kukikata kile kidole.

"Umeharibu wewe, utatengeneza wewe," akaniambia. "Kila alfajiri kioshe kidole chako, maji uyamwage shinani. Tena si kikombe. Ndoo nzima!"

Bomba lilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa haiishi. Miezi miwili nilibeba ndoo ile kichwani kabla ya kwenda shule, shingo inauma, wenzangu wananicheka. Yakatokea machipukizi mawili, kisha kumi, kisha sikuthubutu kuhesabu tena.

Wiki ya harusi mti ulijaa maua, mengi kuliko mwaka wowote, na harufu ikafika barabarani. Bibi alitunga vikuba vya Mwajuma, vya mashangazi wote, na maua yakabaki. Akanivuta mbele ya wageni, akainua mkono wangu juu.

"Kidole chenyewe hiki! Hiki ndicho kilichofanya mti uchanue!"

Wanawake wakakipigia vigelegele. Siku ile nilijiona mkubwa kuliko bibi harusi.

Siku hizi najua kwamba mwasumini ukikatwa na kunyweshwa huchanua zaidi. Mwanangu anasema Bibi alinichezea tu ili nichote maji. Namwacha aseme, yeye hakuyaona machozi yale. Mwasumini wangu ni tawi la mti uleule, na kila mgeni akija namwonesha maua yake kwa fahari, kidole nimekikunja.