Mkono Niliokataa Kuushika

Mara mbili nilishindwa, na mara zote mbili nikalaumu kimeng'enya. Nilikuwa nimekitoa kwenye bakteria na kukisafisha mwenyewe kwa wiki nzima, na kazi yake inajulikana: hukata RNA iliyoshikamana na DNA. RNA iliyo peke yake hakiigusi. Lakini kwenye vichupa vyangu RNA zote zilitoka vipande vipande, hata ile ambayo sikuitia kimeng'enya chochote.

"Ya tatu ikiharibika, kazi hii nampa mwingine," msimamizi wa maabara aliniambia bila kupandisha sauti. Na mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ualimu Kabuga kwa ajili ya nafasi ile! Nilikasirika, nikaanza kujichunguza hatua kwa hatua.

Ndipo nikaona. Hapa Kigali anayeingia husalimia kila mtu kwa mkono, na mwenye mikono michafu hutoa kifundo cha mkono kishikwe badala ya kiganja. Mimi na adabu zangu, nikiwa nimevaa glavu, nilitoa kifundo. Watu walikishika, vidole vyao vikagusa glavu, nami nikarudi kwenye vichupa. Ngozi ya binadamu ina vimeng'enya vyake, na hivyo havichagui, hukata RNA yoyote. Uchafu nilikuwa nautia mwenyewe.

Siku ya jaribio la tatu niliwahi, nikasalimia wote kabla ya kuvaa glavu. Saa nne, vichupa vikiwa wazi mbele yangu, akaingia mama wa usafi, aliyekulia Burundi, ambaye huniita mwanawe. Akanyoosha mkono. Nikarudisha wangu nyuma.

"Eh, mwana wangu! Leo hausalimie? Mimi iko na makosa gani?"

"Hapana, mama, niwie radhi. Mkono wako utaniharibia kazi."

Maneno yalitoka vibaya. Alivitazama viganja vyake, akachukua ndoo, akatoka. Iliniuma sana. Nilitamani kumkimbilia, lakini muda wa vichupa ulikuwa unahesabika. Nikabaki palepale na vichupa vyangu.

Jioni ikatoka picha inayoonyesha RNA ipi imekatwa na ipi haikukatwa. RNA ya peke yake ilikuwa nzima, iliyoshikamana na DNA imekatwa. Msimamizi aliikagua, akanirudishia.

"Sawa. Irudie mara mbili nyingine, ndipo nitaamini."

Nilishuka ngazi mbio kumtafuta mama. Alikuwa ameshaondoka. Nikapanda tena, nikaanza upya.