Nani Anapenda Kazi ya Wodini?

Juzi shangazi yangu anayeishi Maji ya Chai alilazwa hospitali hapa mjini. Nikiwa kando ya kitanda chake, akaingia mwalimu wa chuo kimoja kipya cha uuguzi na wanafunzi wake. Akawauliza, "Nani anapenda kazi ya wodini?"

Mikono yote ikapanda, isipokuwa wa binti mmoja.

"Wewe vipi?"

"Naogopa kumuumiza mgonjwa, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Shangazi, aliyekuwa akisubiri sindano, akapandisha mkono wa blauzi.

"Mwalimu, huyo ndiye anichome. Hao wasioogopa wachomane wenyewe."

Binti akamwamkia, akavuta pumzi, akamchoma taratibu. Shangazi hakukunja hata uso.

Wanaotaka kupima mioyo ya wauguzi wetu watarajiwa, nawashauri waanze kwa kutuuliza sisi tunaochomwa.