Mama Mutheu Ananishonea Nguo ya Shukrani

Admin, jina langu lifiche kabisa, wanaonijua wako wengi humu kwa page. Majina ya hawa wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, napanga Kilimani, na kazi yangu ni kutafsiri. Kuna chuo cha ng'ambo kinachoshirikiana na chuo kimoja cha hapa Nairobi. Kila Agosti wanafunzi wao wanakuja, wanasoma pamoja na wa hapa kwa wiki sita kwa holi ya kanisa kule Woodley, na walimu wao wengine ni wenyeji wa mtaa: fundi wa nguo, muuza mboga, mzee aliyekaa kwa zile nyumba za kaunti tangu ujana wake. Wageni wanauliza, wenyeji wanajibu, na mimi niko katikati naongea mpaka koo inakauka. Nimechoka, sitaficha. Lakini sijui kama uchovu ni sababu ya kile nilifanya.

Mama Mutheu ndiye yule fundi. Amewafunza hao wageni kupima, kukata, na kuongea na kastoma mkorofi bila kumpoteza. Binti yake Mutheu alikuwa amemaliza fomu foo na alama nzuri, chuo kikashindikana kwa kukosa karo. Sasa mwaka ule wa kwanza, siku ya kufunga, Mama Mutheu alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi nimewafunza watoto wenu bila kinyongo. Nami naomba kitu kimoja. Huyu wangu mwaka ujao akae na wao darasani, hata kama ni kiti cha nyuma."

Asubuhi hiyo mkubwa wangu wa ofisi alikuwa ametuonya tusiwapelekee wageni maombi ya watu, ati watachoka na sisi. Nami nilikuwa nimesimama tangu saa mbili, miguu imefura. Nikawageukia wageni nikasema kwa Kiingereza, "Anawashukuru sana, na anasema mrudi tena." Wakapiga makofi. Mama Mutheu kuona makofi akajua ombi lake limepokelewa. Akakaa chini akijipangusa macho na leso.

"Wamesemaje?" aliniuliza tukiwa nje. Nikamwambia watafikiria. Nilidhani hilo neno litaishia hapo.

Mwaka wa pili akaniuliza, "Bado wanafikiria?" Nikasema bado. Wa tatu, hivyo hivyo. Hakuwahi kunikasirikia hata siku moja. Alikuwa ananiambia, "Mvumilivu hula mbivu, wewe nisukumie tu." Mutheu naye akachoka kungoja, akapata kazi River Road kwa duka la kuchapisha kadi za harusi na matanga. Mwaka jana nilitumwa huko kuchukua vyeti vya wale wanafunzi, nikapata ni yeye amevikata. Akanipatia bahasha akasema, "Hesabu anti, nimeweka vyote." Nilishindwa kumtazama usoni.

Huu ni mwaka wa tano. Kuna msichana mmoja mgeni amekuja akijua Kiswahili. Mimi nilidhani anajua kusalimia tu. Wiki jana tulikuwa tunawazungusha mtaani kabla masomo yaanze, na alikuwa nyuma yangu wakati Mama Mutheu ananiuliza lile swali lake, kama bado wanafikiria. Akampelekea profesa wao hayo maneno, na kesho yake profesa akaniita chai hapa Kilimani. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema, "Kila mwaka tunaweka viti viwili vya wenyeji wa mtaa, na kila mwaka vinakaa bure. Tulidhani watu wa hapa hawataki. Mtu angeomba, tungekubali siku hiyo hiyo."

"Aliomba," nikamwambia.

Akanituma nimwambie Mutheu aanze Jumatatu. Na hiyo miaka minne akasema ni mimi wa kuielezea, yeye hatanisemea.

Nikaenda Woodley nikiwa nimejipanga kusema yote. Kosa langu ni kuanza na habari nzuri. Mama Mutheu hakungoja nimalize. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Miaka minne umenipigania, na mimi sijawahi kukupea hata maji." Akampigia Mutheu simu hapo hapo, nikasikia msichana wa watu akilia. Kisha akachukua tepu akaanza kunipima mabega. Nilisimama pale nimeinua mikono kama mtu ameshikwa na polisi, na ukweli nikarudi nao nyumbani.

Dada yangu anasema ninyamaze. "Mtoto si amepata? Unachokora kidonda cha nini?" Labda ana haki. Lakini yule msichana anayejua Kiswahili watakaa darasa moja na Mutheu, na siku moja wataongea. Halafu hata wasipoongea, mimi najua. Mutheu alikuwa na miaka kumi na minane, sasa ana ishirini na miwili. Hiyo miaka yote amekata karatasi za watu wengine kwa sababu mimi niliumwa na miguu na nikaogopa mkubwa wangu. Najichukia, wacha niseme tu.

Nguo imekwisha. Ni kitenge cha bluu, shingoni ameweka lesi, na hajakosea popote. Anataka niivae Jumapili hii kanisani, kwa sababu atasimama kutoa ushuhuda juu yangu. Profesa na wanafunzi wote wamealikwa. Jana alinipigia simu kunikumbusha nisichelewe. Ushuhuda atautoa kwa Kiswahili, akasema, na wa kuwatafsiria wageni ni mimi.

Nishaurini jameni. Akimaliza kuongea wote wanigeukie, nitasema nini?